Kutoka Jukwaani Hadi Bungeni: Vijana wa Bariadi Tujifunze Nini kwa Sugu?

Haya ni mazungumzo ya mmoja wa makada wetu kwa vijana wa chama, Bariadi mjini, mwanzoni mwa Oktoba 2024. Wengi mliokosa kufika mmeomba tuyaweke hapa. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Peopleees! (Power!) Tena, hii sauti ya Bariadi au ya watu waliolala njaa? Peopleees! (Power!)

Asanteni, kaeni. Mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Wazee wetu mliokuja kutusikiliza, shikamooni. Dada zangu, nawaona, na leo mpo wengi kuliko kikao kilichopita. Nimefurahi.

Makamanda, nimepewa mada inayosema "kutoka usanii hadi ubunge", nimzungumzie Joseph Mbilinyi, Sugu. Mwenyekiti aliponipa nilimuuliza, kwa nini usinipe Katiba mpya au bei ya pamba? Akanijibu, "Vijana wanaojua nyimbo za Sugu ni wengi kuliko wanaojua vifungu vya Katiba. Anzia huko, utafika kwenye Katiba." Basi naanzia huko, na nikimaliza kila mmoja atajua kwa nini nimemzungumzia mtu wa Mbeya hapa Bariadi, wiki hii, wakati zimebaki siku chache tukajiandikishe.

Mimi nimekulia kijijini, huko inakoitwa Itilima sasa. Enzi zile yote ilikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu imezaliwa 2012. Nyumbani kulikuwa na redio moja, ya baba. Kazi yake ilikuwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Betri zikichoka tunazianika juani, mnakumbuka? (Vicheko.) Siku baba akienda mnadani, kaka yangu anatafuta stesheni nyingine. Siku moja akapata wimbo, kijana anaongea haraka haraka, kwa Kiswahili, anasema maisha ni magumu, kazi hakuna, wakubwa wanadanganya. Ulikuwa "Hali Halisi". Nilikuwa mdogo, sikumjua mwimbaji. Lakini nilimwona kaka yangu ameacha kukoboa mahindi, amesimama anasikiliza. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hana mbele wala nyuma. Kwa mara ya kwanza alisikia mtu anayeongelea habari zake redioni, na hakuwa waziri.

Sasa huyo kijana ni nani? Joseph Mbilinyi alizaliwa 1972. Mbeya wanamwita mtoto wao. Alianza rap mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mkumbuke mambo yalivyokuwa. Rap ilikuwa ya Kiingereza, watu wanakariri Wamarekani. Redio binafsi ndiyo kwanza zinaanza. Wazazi wakisikia mtoto anarap wanasema kaharibikiwa, ni muhuni, anavuta bangi. Yeye akaamua kurap Kiswahili, mambo ya mtaani. Mwaka 1995 akatoa albamu ya "Ni Mimi", 1996 "Ndani ya Bongo", 1998 "Niite Mr. II", yenye ule wimbo wa kaka yangu. Amebadili majina, 2Proud, Mr. II, Sugu, lakini mada ni ileile: mtu wa chini anaishije. Mwaka 1999 Waholanzi wakatengeneza filamu kuhusu rap ya Tanzania kama chombo cha habari cha wasio na chombo. Jina la filamu? "Hali Halisi".

Kazi zake akaziita Deiwaka. Nyie mnaopanda daladala mnamjua deiwaka, yule kondakta asiye na ajira, anashika siku moja konda mwenyewe akipumzika. Mtu aliyeshajulikana nchi nzima alichagua jina la kibarua.

Tufike 2010. Anagombea ubunge Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, dhidi ya mbunge aliyekaa, Benson Mpesya wa CCM. Watu walicheka. Muhuni wa rap, Bungeni? Atavaa kofia ya kugeuza? Akashinda, na 2015 akashinda tena.

Nawaomba tusipite haraka hapo, kwa sababu vijana wengi tunachukua funzo lisilo sahihi. Tunasema, "Kumbe ukiwa staa unapata ubunge." Hapana. Nchi hii mastaa ni wengi, wabunge waliotokana na mastaa mnawahesabu kwa vidole. Watu wa Mbeya walikuwa wamemsikiliza miaka kumi na tano kabla hajawaomba kura. Alipopanda jukwaani hakuwa na haja ya kuwaeleza kwamba anajua shida zao. Walishazikariri, kwa sauti yake. Kura ilikuwa ya mwisho, kazi ilishatangulia.

Na hili la msanii kuingia Bungeni halikuanza na rap. Wazee watamkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyeandika sheria za kutunga mashairi, akawa Meya wa Dar es Salaam, mbunge, na waziri kwenye serikali ya Mwalimu, akafariki 1964 akiwa bado kijana. CCM nao walikuwa na Kapteni John Komba, kwaya ya TOT, mbunge wa Mbinga Magharibi. Leo wana MwanaFA wa Muheza, ni naibu waziri. Simdharau hata mmoja. Nasema tu kwamba usanii peke yake haukuambii mtu atasimama upande gani. Kuna anayeimba ili mkubwa afurahi, na kuna anayeimba ili mdogo asikike. Wakifika Bungeni kila mmoja anaendelea na wimbo wake.

Na Profesa Jay? Joseph Haule. Mwaka 2001 anatoa "Ndio Mzee", anamchora mwanasiasa mwenye ahadi za ajabu ajabu na wananchi wanaitikia tu. Nchi nzima ilicheka. Miaka kumi na nne baadaye, 2015, mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi kupitia chama chetu. Fikiria mtihani huo! Umewacheka wanasiasa mpaka mtoto mdogo anajua, halafu unasimama wewe kuomba kura. Kila ahadi unayotoa watu wanakupima kwa wimbo wako mwenyewe. Nafikiri kila mgombea angepaswa kuwa na wimbo kama ule unaomsubiri nyumbani. Baadaye Profesa akaugua sana, akalazwa Muhimbili muda mrefu, Watanzania wa vyama vyote wakamwombea, na Serikali ikasaidia matibabu yake. Tunashukuru, hilo halina chama. Alipopona akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo.

Turudi kwa Sugu. Alifanya nini Bungeni? Alikuwa Waziri Kivuli wa habari, vijana, utamaduni na michezo. Alipigania haki za wasanii, maana alijua mwenyewe inakuwaje nyimbo zako zinapigwa kila kona na mfukoni huna nauli. Lakini tukio ninalolipenda zaidi halikutokea Bungeni. Novemba 2011, Mbeya, wamachinga wa Mwanjelwa na polisi walipambana. Mabomu ya machozi, mawe, matairi barabarani, maduka yamefungwa. Mbunge akarudi Mbeya, akasimama katikati ya wale vijana na kuongea nao. Wakatulia. Wanatuita chama cha vurugu, wakumbusheni hilo. Vijana walimsikiliza kwa sababu walikuwa wanamsikiliza tangu wakiwa watoto, na hakuwahi kuwadanganya.

Sasa, makamanda, hatukuja kutengeneza sanamu. Sugu ana makosa yake. Mwaka 2016 Bunge lilimsimamisha vikao kumi kwa kuonyesha ishara ya kidole, ishara ya matusi. Unaweza kuniambia Bunge lile lilikuwa na upendeleo, nitakubali. Walikuwa wametoka kuzima matangazo ya moja kwa moja, hasira zilikuwa juu. Lakini kidole kile kiliwasaidia nani? Siku kumi watu wa Mbeya hawakuwa na mdomo mle ndani. Mpinzani mwenye hoja akitukana anakuwa amempa mwenye kiti sababu ya kumtoa. Hapa Bariadi tunao wenzetu hodari wa matusi kwenye makundi ya WhatsApp. Mnajijua. (Vicheko.) Acheni.

Halafu ikaja gereza. Desemba 2017 alihutubia Mbeya. Februari 26, 2018, yeye na Emmanuel Masonga, katibu wetu wa Kanda ya Nyasa, wakahukumiwa miezi mitano kwa kosa la kumtukana Rais. Mbunge, mwenye watu wake, akavaa nguo za mfungwa kwenye gereza la Ruanda, palepale jimboni kwake. Akatoka Mei. Kabla mwaka haujaisha Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile. Lakini nani anairudisha miezi ile? Akatunga wimbo, akaupa jina la namba yake ya mfungwa. Mwaka huohuo mama yake mzazi akafariki. Ile hoteli aliyoijenga Mbeya inaitwa Desderia, jina la mama. Nawaambia hili kwa sababu mtoto wa mtu akiingia siasa za upinzani hafungwi peke yake. Kuna mama nyumbani hali chakula.

Na 2020 akashindwa. Kwa matokeo yaliyotangazwa, jimbo likaenda kwa Tulia Ackson, ambaye baadaye akawa Spika. Mnajua uchaguzi ule ulikuwaje. Chama kizima kilitangaziwa jimbo moja tu la kuchaguliwa nchi nzima, Nkasi Kaskazini.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Msanii akikosa ubunge ana njia nyingi. Anaweza kurudi studio, anaweza kukaa hotelini kwake akala maisha. Anaweza pia kuhamia upande wa pili, mlango huwa wazi na zulia limetandikwa. Tumeona wengi. Sugu akabaki. Mei mwaka huu akagombea uenyekiti wa Kanda ya Nyasa dhidi ya Mchungaji Msigwa aliyekuwa anakikalia. Mnajua matokeo? 54 kwa 52. Kura mbili! Mtu aliyewahi kujaza viwanja amepata uongozi kwa kura mbili za wajumbe ndani ya ukumbi. Mwezi mmoja baadaye aliyeshindwa akahamia CCM. Nyie mnaosema "kura yangu moja itabadilisha nini," nendeni mkawaulize watu wa Nyasa.

Na Agosti 11, alikuwa wapi? Mbeya, na nyie mnajua. Vijana wa chama kutoka kila kona ya nchi walikuwa safarini kwenda kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Polisi wakapiga marufuku, mabasi yakasimamishwa njiani, wakakamatwa watu zaidi ya 500, na Sugu akiwemo pamoja na Lissu na Mnyika. Miaka 52, hana ubunge, hana kinga, na bado yuko mstari wa mbele kupokea vijana. Wiki chache baadaye mzee wetu Ali Kibao akashushwa kwenye basi, kesho yake akakutwa amefariki. Tangu hapo, ukweli ni kwamba baadhi yetu tumeogopa. Mama yangu kanipigia simu, "Mwanangu, hayo mambo achana nayo." Sikumjibu kwa ukali. Nilimwambia, mama, nimekusikia. Na bado niko hapa. Kuogopa si dhambi, makamanda. Hata mimi naogopa. Ila tusiache woga ndio utuandikie ratiba.

Sasa nirudi nyumbani, Simiyu.

Sisi Wasukuma habari za msanii na kura tulizijua zamani kabla ya rap. Mnawajua wagika na wagalu. Baada ya mavuno, pamba na mtama vikishatoka shambani, makundi mawili yanakutana uwanjani, kila moja na mtunzi wake, kila moja na ngoma yake. Wanaimba wakati mmoja. Watu wako huru, unakwenda unakovutiwa. Mwisho wa siku anayeshinda ni mwenye watu wengi. Hakuna karatasi wala msimamizi wa kukimbia na sanduku. Watu wanapiga kura kwa miguu na kila mwenye macho anaona. Ndiyo maana hata dawa za kuvutia watu walitafuta, walijua kinachohesabiwa ni watu.

Shida yetu vijana, tunadhani uchaguzi wa sasa nao uko hivyo. Tunajaza uwanja wa mkutano, tunapiga picha, tunaposti, tunasema tumeshinda. Uwanja umejaa, ndiyo. Lakini siku hizi watu wakishajaa wanarudi nyumbani, na kura inahesabiwa chumbani. Chumbani humo unahitaji wakala, mwenye barua yake, aliyekula, asiyenunulika kwa elfu kumi. Unahitaji waliojiandikisha, na mgombea aliyejaza fomu yake sawasawa, jina lisipishane hata herufi. Ngoma peke yake haikupi hayo.

Na msinidanganye kwamba huku hakuwezekani. Mwaka uleule wa 2010 Mbeya walipompeleka Sugu Dodoma, Maswa yote mawili ilikwenda CHADEMA, Shibuda Magharibi na Kasulumbai Mashariki, na Meatu tukampeleka Opulukwa. Hapa Bariadi Mashariki alikuwepo Mzee John Cheyo wa UDP, mpinzani aliyeheshimika hata na wapinzani wake. Majimbo manne! Ukitoka Lagangabilili mpaka Mwanhuzi unatembea ardhi ya upinzani. Ilipofika 2015 tulikuwa hatuna hata moja. Kwa nini? Visingizio vipo vingi, vingine vya kweli. Lakini tuambiane sisi kwa sisi: tulikuwa na wabunge juu, chini hatukuwa na wenyeviti wa vitongoji. Nyumba ilikuwa na bati, haina nguzo.

Ndiyo maana leo nimemleta Sugu. Nina rafiki yangu mmoja, msanii, wengi mnamjua kwa sura, jina simtaji. Ana sauti, ana kikundi, anatunga Kisukuma mpaka bibi kizee anainuka kucheza. Kila uchaguzi ukifika anakuja mtu na gari, anampa fulana na posho ya siku tatu, anamwambia imba jina la fulani. Anaimba. Uchaguzi ukiisha anarudi kwenye banda lake la kuuza vocha. Mwaka juzi alilima pamba, akakatwa madeni ya mbegu na dawa, kilichobaki hakikutosha hata ada. Akaniambia, "Kaka, mimi nawapa watu kura, kwangu haziingii." Nikamwuliza, kwa nini usichukue fomu wewe? Akacheka. "Mimi mwimbaji tu."

Mwimbaji tu! Hivyo ndivyo walivyomwambia na Sugu.

Simwambii agombee ubunge kesho. Namwambia, na nakwambia na wewe fundi pikipiki, wewe muuza nguo za mnadani, wewe dada unayesuka pale stendi: anza na kitongoji. Kujiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura ni tarehe 11 mpaka 20 mwezi huu, na hata kama una kadi ya mpiga kura, hii ni orodha nyingine, nenda. Umri wa kupiga kura ni miaka 18, kugombea ni 21 na ujue kusoma na kuandika. Fomu zinaanza kutolewa tarehe 26. Kura ni Novemba 27. Mwaka 2019 walitukata wagombea wetu kwa maelfu, chama kikajitoa. Safari hii wakitaka kutukata watukate tumejaza sawasawa, tuna nakala, tuna mashahidi. Ukimaliza kujaza, mpe mwenzako akusomee kabla hujapeleka.

Mwenyekiti wa kitongoji si mtu mdogo. Ndiye anayejua nani ardhi yake imeingiliwa, na nani kaonewa kwenye mchango wa darasa. Na mwenyekiti wa kijiji akiwa wako, mkutano mkuu unaitishwa kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka, mapato na matumizi yanasomwa hadharani. Leo ni vijiji vingapi vinasomewa? Nyosheni mikono. Mnaona.

Na wewe msanii, usiache kuimba. Imba! Ila imba habari za kaka yangu aliyesimama na mahindi mkononi. Ukiimba hizo miaka mitano, siku ukija kuomba kura hutahitaji kununua fulana.

Nimemaliza. Atakayetaka kusaidiwa kujaza fomu, meza iko pale chini ya mwembe, daftari lipo, andika jina na kitongoji chako kabla hujaondoka. Rafiki yangu mwimbaji nimemwona amekaa mstari wa nne, anainamisha kichwa. Usiiname, kaka. Njoo uandike.

Hakuna kulala! (Mpaka kieleweke!) Peopleees! (Power!)